Kitufe Chekundu cha Bi Mishi

Kabla sijaingia kiwandani Changamwe, niliamini kwa moyo wote na mapafu yote mawili kwamba redio kaseti ikikunasa sauti, hukupunguzia. Sauti ya mwanadamu, tuliambiwa, ni kama maji ya mtungi: kila ukirekodiwa imechotwa kata moja, na kata hiyo hairudi. Habari hii ilienea Kisauni nzima, na ushahidi wake ulikuwa ukitembea barabarani. Palikuwa na mwimbaji wa harusi, mtu ambaye akiimba Utange waliolala Shanzu waliamka kutafuta viatu. Baada ya miaka miwili ya kunaswa kila mwisho wa juma, alibaki akikwaruza kama mlango wa bati. Kwamba bwana huyo alivuta sigara kama tanuri la chokaa, hilo hakuna aliyelitia maanani. Mimi nikipita penye redio kaseti iliyowaka taa nyekundu nilibana midomo na kusalimia watu kwa nyusi.

Sasa tazameni kazi niliyopata. Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya themanini kupakia maboksi katika kiwanda kidogo kilichounganisha redio kaseti kwa vipande vilivyoshuka bandarini. Maboksi niliyopakia, ukiyapanga moja baada ya jingine, yangefika Voi na kurudi. Siku ya tatu aliyekuwa akijaribu mashine aliugua tumbo, na msimamizi akaninyooshea kidole mimi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kila redio ikitoka mezani, tia kaseti, finya kitufe chekundu, sema "moja, mbili, tatu", rudisha nyuma, sikiliza. Ikisema kama ulivyosema, ipite. Isiposema, ifungwe kitambaa, irudi kwa mafundi.

Redio mia mbili kwa siku. Nilipiga hesabu nikaona kwamba kufika Krismasi nitakuwa bubu, nami nilikuwa na mke na watoto wanne wanaohitaji kukemewa. Kwa hivyo nikaamua kunong'ona.

Kufika adhuhuri nyuma yangu palikuwa na mlima wa redio zenye vitambaa. Msimamizi akashika kichwa. Akaitwa Fundi Shee.

Fundi Shee alikuwa mkuu wa mafundi, mtu wa ukoo wa zamani wa mjini, kofia yake nyeupe daima, miwani yake imefungwa kwa uzi. Katika miaka yote niliyomjua sikumsikia akipaza sauti. Alisimama nyuma yangu, akanitazama nikiifanyia redio moja faragha yangu, kisha akauliza, "Wewe Kazungu, mbona wanong'ona? Waposa mtu humo ndani?"

Meza nzima ikavunjika mbavu. Nami, kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia, nikamweleza habari ya mtungi na kata.

Fundi Shee hakucheka. Alichukua bisibisi, akaifungua redio moja mbele yangu, akanionyesha kile kichwa kidogo ambacho ukanda wa kaseti hupita mbele yake. "Sauti ni hewa yatikisika," akasema. "Hapa yageuka umeme, hapa yabaki sumaku juu ya ukanda. Koo lako halina habari. Haya, nena."

Nikasema "MOJA!" kwa sauti ambayo bawabu aliliacha lango akaja kuuliza nani ameungua.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Ninyi wa kiwandani mmeniomba niandike kabla sijasahau, na Pauline, ambaye sasa amekalia kiti changu, amesema nisipoandika ataandika yeye, nami najua atakavyoandika. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vilikuja na kuondoka kama mafua. Nitaeleza ya vitufe.

Wiki ileile nilijiandikisha masomo ya jioni. Tulisomea katika darasa la watoto wa shule ya msingi pale Changamwe, wanaume wazima wa bandarini na viwandani, magoti yetu yakigusa masikio kwa ufupi wa madawati. Miaka mitatu nilisoma umeme na sumaku kwa tumbo lililojaa chapati na kichwa kilichojaa usingizi. Nilipata cheti, na mke wangu alikifungia fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yetu. Lakini niseme kweli: nilichojua kuhusu vitufe hakikutoka katika cheti kile. Kilitoka katika kopo la Fundi Shee.

Juu ya meza yake, kando ya tupa na kibano, Fundi Shee aliweka kopo la unga wa ngano na chupa ya mafuta ya nazi. Redio mpya ikiletwa, yeye hakuigusa kwa mikono mikavu. Alichovya vidole katika mafuta, akavitia unga, akafumba macho, ndipo akaanza kutafuta kitufe cha kusikilizia. Wageni walidhani anafanya uganga. "Redio haifinywi na mtu aliyekaa kitini akaikazia macho yake yote," alinieleza. "Yafinywa na mtu ambaye yuwakanda, yuwakuna, yuwabeba mtoto. Ukitaka kujua kitufe ni kizuri, jitie kazi kwanza."

Basi mimi, mwanafunzi mwenye bidii, nikaleta mbuzi ya kukunia nazi kutoka nyumbani. Nikawa nakaa juu yake katikati ya chumba cha majaribio, nakuna nazi, na kila mara naiendea redio kwa mkono wenye machicha kupandisha sauti. Siku meneja alipopita na wageni wake wenye tai, alinikuta nimechuchumaa juu ya mbuzi, kando yangu nazi sita, redio ikicheza taarabu.

"Huyu anafanya nini?" akauliza.

"Yuwajaribu mashine, bwana," Fundi Shee akajibu.

"Na zile nazi?"

"Zile ni vyombo vya kazi."

Siku hiyo wafanyakazi wote walikula wali wa nazi. Vidole vyangu vilijua mengi: kwamba kitufe laini hukimbia chini ya mafuta, kwamba maandishi madogo ya fedha juu ya plastiki nyeusi ni ya kumpendeza aliyeyachora, na kwamba vitufe sita vya umbo moja vilivyopangwa mstari mmoja, kwa aliyefumba macho, ni kama milango sita ya nyumba za halmashauri. Tulianza kubandika tone la gundi ngumu juu ya kitufe cha kusikilizia, kama chunjua, kidole kikitambue. Watu wengi walidhani ni kasoro na kulikwangua. Wengine walirudi kununua redio "yenye chunjua". Hao ndio nilioshona nao urafiki.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Redio kaseti za zamani, ukitaka kurekodi, ulifinya vitufe viwili pamoja: chekundu na cha kusikilizia. Wateja walilalamika. Walifinya chekundu peke yake, kikakataa kushuka, wakarudi dirishani kwetu wakisema mashine ni bovu. Kukaletwa vipande vya aina mpya, vyenye kulabu ndogo ya chuma ndani, hata ukifinya chekundu chenyewe kinavuta kile kingine. Kidole kimoja tu. Meneja aliniuliza mimi, kwa mara ya kwanza maishani, niko na maoni gani. Nilijaza kurasa kumi na moja. Nilisema kidole kimoja ni maendeleo, kidole kimoja ni heshima kwa mteja, na kama ingewezekana kurekodi bila kidole ningeunga mkono pia. Fundi Shee alisoma kurasa mbili akanirudishia. Mashine za kidole kimoja zikatoka, na boksi likaandikwa maneno yangu: "Kidole kimoja tu!" Nilitembea na boksi tupu mtaani kwetu juma zima.

Haikupita miezi mingi, asubuhi moja wakaja dirisha la malalamiko mama na binti yake kutoka Likoni. Binti aliitwa Zuhura. Alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Shelly Beach, na nadhani alizoea kusema na watu kama anavyosema na mashuka. Mama yake, Bi Mishi, aliketi kwenye benchi, amejitanda leso, kimya.

"Wewe ndiwe mwenye redio hizi?" Zuhura akauliza.

"Ndimi, dada." Sikuwa, lakini siku hiyo nilijihisi hivyo.

"Basi redio yako imemla kaka yangu."

Akaeleza. Kaka yake, Hamisi, alikwenda Uarabuni kutafuta kazi mwaka wa pili huo. Mama hajui kusoma, kwa hivyo barua hazikuwa na maana. Mwisho Hamisi akatuma kaseti, amesema upande mzima, akampa mwenzake aliyekuja likizo. Zuhura alikuwa amenunua redio yetu kwa jasho la mashuka ili mama amsikilize mwanawe. Bi Mishi aliisikiliza siku tano. Siku ya sita Zuhura akarudi kutoka kazini, akatia kaseti, na kaka hayumo.

"Mama macho yake hayana nguvu," Zuhura akasema. "Atakuwa amefinya nyekundu akidhani ndiyo ya kusikizia. Batani zenyewe zafanana kama mapacha. Kidole kimoja! Kidole kimoja kimemfuta mtu mzima."

Nikaitia kaseti ile katika mashine ya majaribio. Nawaambia, nimesikia kanda nyingi, lakini ile naisikia mpaka leo. Kwanza mlio wa kitufe. Kisha hakuna kitu. Kisha mtu anavuta pumzi. Kisha kiti. Kisha samaki anakaangwa, mafuta yanaruka. Kuku anafukuzwa kwa mdomo, "sh, sh". Sufuria inafunikwa. Kisha tena mtu anavuta pumzi, karibu sana na mashine, kama aliyeinama juu yake. Dakika ishirini zilikuwa hivyo. Mwisho mlio wa kitufe, na hapo, kutoka chini ya kimya kile, sauti ya kijana mwanamume: "...maji ya barafu wanatupa, kwa hivyo usiwe na wasiwasi, mama. Haya, kaseti yaisha. Nasubiri."

Watu waliopanga mstari dirishani wakasogea karibu. Mimi nilikuwa nishaona yote kichwani mwangu: mama amekaa mbele ya redio, amefinya asichokijua, anangoja mwanawe aseme, na mashine yangu inakunywa kimya chake, inamfuta mwanawe neno kwa neno. Machozi yakanitoka. Si tone, nililia kama bomba la halmashauri lililopasuka.

Bi Mishi akainua uso. "Mwanangu," akaniambia, "ile batani nyekundu—"

"La, mama!" nikamkata, nikaweka mkono kifuani. "Usijieleze hata kidogo. Kosa si lako. Kosa ni letu sisi tulioiunda."

Nilijivunia neno hilo. Bi Mishi akamtazama binti yake, akawatazama wale watu wa mstarini, akairudisha leso yake usoni. "Haya," akasema.

Niliwaomba wakae. Nikanakili ile kanda, nikawarudishia yao, na nikaahidi kwa jina la ukoo wangu wote, walio hai na waliokufa, kwamba nitawaletea mashine isiyoweza kumfuta mtu kwa bahati mbaya.

Nikamwendea Fundi Shee na habari yote. Alisikiliza kanda mpaka mwisho. "Na mwenyewe kasemaje?" akauliza.

"Hakusema kitu, fundi. Huzuni imemjaa."

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akachukua tupa.

Tulifanya kazi juma mbili. Kulabu ile ya chuma tuliikata, tukasawazisha kwa tupa, mashine moja moja. Lakini kwangu mimi kurudi kwenye vitufe viwili vilivyokaa jirani hakukutosha. Kidole gumba kipana kingeweza kuvifinya vyote. Nilitaka kosa lisiwezekane. Nikahamisha kitufe chekundu mwisho kabisa wa kulia, cha kusikilizia nikakiacha mwisho wa kushoto, hata mwenye kiganja kama sinia asiweze kuvifikia kwa mkono mmoja. Mikono miwili, kwa pamoja, kwa makusudi. Nilijaribu nikiwa na unga, mafuta, machicha, nimefumba macho, nimegeuka nyuma. Haikufuta kitu. Fundi Shee akasema, "Sasa hata mwenye kutaka kurekodi atafikiria mara mbili." Nililipokea kama sifa.

Meneja hakutaka. Kalibu, lile umbo la kumiminia plastiki, ingebidi ichongwe upya, na maboksi yalikuwa yameshachapwa maneno yangu. Akaniambia kama hili si wazo zuri nitarudi kupakia, na safari hii sitatoka. Sikubishana. Niliweka redio mezani pake nikamsikilizisha jiko la Bi Mishi. Yeye alikuwa mtu wa bara, mama yake alikuwa kijijini mbali. Kufika pale kwenye "nasubiri" aligeuka kutazama nje ya dirisha, ingawa dirisha lile lilitazama ukuta.

"Chongeni," akasema.

Mashine ya kwanza ya mikono miwili niliibeba mwenyewe, nikavuka na feri mpaka Likoni, nimeishika kifuani kama mwali. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya Shelly Beach, ua umefagiliwa ukang'aa. Bi Mishi alinikaribisha, nikapewa mahamri. Nikamwonyesha Zuhura namna ya kuitumia, mara tatu, kwa vitendo na maneno: mkono huu hapa, mkono huu pale, kwa pamoja, finya. Zuhura akaweza. Bi Mishi alitazama tangu mwanzo hadi mwisho, akatabasamu, akasema, "Ahsante, mwanangu, umejisumbua." Nikachukua ile mashine ya kidole kimoja nikarudi nayo kiwandani tukaivunje vipande. Kwenye feri nilijiona mtu mrefu kuliko mlingoti.

Na mashine ile ilitufaa, sikatai. Malalamiko ya kanda zilizofutika yalikoma dirishani. Watu waliorekodi khutba, harusi, hesabu za watoto, walizikuta palepale walipoziacha. Miaka ilipopita tukaanza kuunganisha televisheni pia, kisha simu za mezani za kufinya namba, na kila kitu kilipoletwa, nami nilikuwa ndiye wa kuulizwa kitufe kikae wapi. Kuna mwaka tulipokea rimoti zenye vitufe vingi hata nikadhani ni za kuendeshea meli. Hoteli moja ya Shanzu ilitaka televisheni kwa vyumba vyake, na kila siku wahudumu waliitwa kumwondolea mgeni maandishi ya Kijerumani kwenye kioo. Nilichukua plasta za hospitali nikaziba vitufe vyote isipokuwa vitano. Meneja wa hoteli alichukia kwa sura ya rimoti. Wahudumu wake walinitumia kapu la maembe.

Fundi Shee alistaafu katikati ya safari hiyo. Siku ya mwisho alinipa tupa yake, kibano chake, na lile kopo. Nikafungua kifuniko. "Badilisha unga," akasema. "Huo una wadudu tangu mwaka jana, nami sikutaka kuwasumbua." Akaondoka na kofia yake, taratibu, na mimi nikajitia kutafuta kitu chini ya meza mpaka nilipoweza kuinuka. Alifariki muda si mrefu baadaye. Kopo liko kabatini, Pauline, rafu ya chini. Unga ni mpya.

Kila mfanyakazi mpya aliyepita mikononi mwangu nilimhadithia habari ya Bi Mishi. Mliisikia nyote. Kwa miaka ilinenepa kidogo, nakiri. Ikaingia mvua ya masika. Bi Mishi akazimia dirishani mara mbili, nami nikambeba. Lakini maana yake ilibaki ileile: kulikuwa na mama asiyeona vizuri aliyefinya kitufe asichokijua, na sisi tukamjua, tukamtengenezea asikosee tena. Niliisema kwa mapenzi. Nilimpenda yule mama kwa ile kanda tu, kama mtu anavyompenda jirani anayemsikia kupitia ukuta.

Mwaka huu, kabla sijakabidhi funguo, Pauline alinisimamisha mlangoni. Yeye ni mtu wa bara, msomi wa chuo, na hana adabu ya kuamini hadithi. "Mzee Kazungu," akasema, "huyu Bi Mishi yuko?"

"Yuko wapi tena? Yuko Likoni."

"Twende basi. Nataka kumuona."

Tukaenda. Nyumba imeongezwa chumba na ukuta wa mbele. Hamisi alirudi zamani, ana duka lake la vyombo palepale. Zuhura alikuwa ameolewa, hakuwepo. Bi Mishi amezeeka sana, ila uso uleule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe Kazungu wa redio? Umepata kitambi, alhamdulillahi. Karibuni, kalini."

Akajitia kutumiminia kahawa, na birika likamwelemea. Pauline akaruka kumshikia kikombe. Hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kushoto ukitoka katika leso. Vidole vilikuwa vimekunjika ndani ya kiganja, vimekauka.

"Uliumia lini, mama?" nikauliza.

"Huu? Nilianguka na mtungi, Zuhura hajazaliwa. Haufinyi, haushiki. Nimeuzoea."

Sikufikiria kitu. Mtu akishazoea kusema, husema. Nikakohoa, nikanyoosha mkono kama mwenye kufungua pazia, nikasema, "Pauline, huyu ndiye yule mama aliyefinya kitufe chekundu kwa bahati mbaya."

"Nani kafinya kwa bahati mbaya?" Bi Mishi akauliza.

Pauline akaweka kikombe chini.

"Wewe, mama," nikasema. "Ile siku. Kaseti ya Hamisi. Ukadhani ndiyo ya kusikilizia."

Bi Mishi akacheka, kicheko kidogo cha puani, bila ubaya. "Mwanangu, nyekundu ni ya kunasa. Nani asiyejua? Nilikuwa namjibu."

"Unamjibu nani?"

"Hamisi. Kaseti ilikuja moja, na aliyeileta alikuwa arudi Ijumaa. Nilishaisikiza siku tano, nimeihifadhi yote. Wataka nijibu juu ya nini, juu ya mkeka? Nikairudisha mwanzo, nikafinya nyekundu, nikakaa niseme naye. Mwanzo wa kaseti aliniomba radhi kwa kuondoka bila kuniaga. Nilitaka kumwambia nimemsamehe." Akapangusa tone la kahawa kwa ncha ya leso. "Neno likakataa. Nikakaanga samaki, pengine litakuja nikiwa na kazi. Nikafukuza kuku. Halikuja. Nikazima, nikasema kesho. Zuhura akanitangulia kuitia."

Mimi, mwenye kurasa kumi na moja, nikawa nahesabu maua ya leso yake.

"Kisha ukatuletea ile ya mikono miwili," akaendelea, na akauinua kidogo ule mkono wa kushoto, akaurudisha. "Ikawa kila nikitaka kusema na mwanangu, Zuhura afinye. Na Zuhura ndiye aliyemtoa Hamisi kwa siri, akampa nauli, mimi nisijue mpaka kaishakwenda. Ningelisemaje mbele yake? Nikapeleka salamu. Nikapeleka habari za kuku. Hamisi kakaa kule miaka saba akilingojea neno hilo, na nilimwambia hapo ulipokaa, siku aliporudi, sanduku bado li mkononi."

"Mama," nikasema, "mbona hukuniambia?"

"Nilianza. Ukanambia nisijieleze."

Pauline alikuwa ametoa daftari lake, lakini hakuandika. Bi Mishi akanisogezea sahani ya tende, akaigonga kwa kidole ili nichukue.

"Usilie tena, huyu mgeni atatushangaa," akasema. "Mimi nilikuwa palepale, kwenye benchi. Hukuniuliza mimi, mwanangu. Ulimuuliza Zuhura."